Fundi aseme kosa kabla ya lipu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na mafundi wenzetu wa Unguja na Pemba, pamoja na wanaotupa kazi, juu ya jambo linalojulikana na kila mwenye mwiko ingawa halitajwi mbele ya tajiri, yaani mwenye kazi: kosa lililokwisha fanyika, na lipu inayongojewa ije ilifunike.

Lipu husitiri mengi. Ikishapigwa, ukuta uliokwenda upande huonekana umenyooka, nguzo yenye matundu huwa laini kama yai, waya uliosokotwa kwa vidole na kuviringwa utepe haujulikani ulipo, na bomba lililoungwa vibaya linakuwa siri ya fundi na kibarua wake. Kosa likisemwa kabla ya siku hiyo, mara nyingi dawa yake ni nusu mfuko wa saruji na kazi ya siku moja. Likiachwa nyuma ya lipu na rangi mpaka masika ya pili, linataka kubomoa, kuhamisha watoto vyumbani, na shauri refu la nani alipe.

Tuanze na nguzo, maana ndiyo inayobeba watu.

Nguzo nyingi za nyumba zetu za kawaida ni za inchi tisa kwa tisa, urefu wa mita tatu hivi, zina nondo nne na ringi za kuzifunga. Boksi la mbao la kumwagia zege likivuliwa, pengine huonekana chini, karibu na jamvi la sakafu, kokoto zimekaa wazi hazina uji wa saruji baina yake. Unaweza kuingiza kidole. Sababu zake si nyingi. Zege limemwagwa kutoka juu, mita tatu nzima. Kokoto zinagonga ringi, zinatangulia chini peke yake, na uji unabaki umeganda kwenye nondo huko juu. Au mbao za boksi hazikukutana sawasawa, uji ukavuja pembeni usiku, na alama yake ni mchirizi wa kijivu nje ya boksi. Au zege halikushindiliwa. Au nondo zimebanana kwenye maungio hata kokoto haipiti.

Kwetu kuna sababu nyengine. Kokoto zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, nazo zinakunywa maji. Zikitiwa kavu, zege lililokuwa zuri kwenye toroli linafika kwenye boksi limekwisha kukakamaa. Hapo kibarua anaongeza ndoo ya maji "lipate kuteremka", na kosa la kwanza limezaa la pili: maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu vidogo visivyohesabika, zege linapungua nguvu, na hewa ya chumvi inapata njia ya kuifikia nondo. Dawa ni kuzirowesha kokoto jioni ya kuamkia kazi na kuziacha zichuje maji mpaka asubuhi.

Vipimo vyenyewe vinakaa kichwani bila ya shida. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, hizo ni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo ikiwa ya lita 20. Maji yake ni kama lita 25, yaani ndoo moja na robo, ukihesabu na yale yaliyomo tayari ndani ya mchanga. Boksi la mita tatu lifunguliwe dirisha ubavuni kwenye mita moja na nusu. Nusu ya chini imwagwe kupitia hapo, dirisha lizibwe, ndipo juu kuendelee. Kabla ya zege, mimina chini ya boksi sentimita 5 za mota, yaani saruji na mchanga, ya moja kwa mbili isiyo na kokoto, ili kokoto za mwanzo zipate pa kulalia. Mwaga kwa tabaka za sentimita 30 hadi 45, kila tabaka lichomwe kwa nondo mara ishirini na tano hivi, ncha ifike kwenye tabaka la chini yake, na mtu mwengine awe anagonga boksi kwa nyundo ya mbao.

Anayefanya hivyo hukosea mara chache, lakini hukosea. Na akishavua boksi akayaona matundu, tamaa ya kwanza ni kuchota mota na kupaka haraka kabla tajiri hajafika. Mota hiyo inashika uso tu. Nyuma yake kokoto ziko wazi vilevile, na nondo imo ndani ya tundu lenye hewa na unyevu. Zege ndilo linaloilinda nondo: likiizunguka sawasawa, chuma hakili kutu hata kama zege lenyewe lina unyevu. Lisipoizunguka, kutu huanza, na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na zaidi, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Utaona ufa wa wima unaofuata mstari wa nondo, na doa la kahawia likichuruzika juu ya rangi. Aliyetumia mchanga wa pwani usiooshwa ataliona mapema zaidi, kwa kuwa chumvi imo ndani ya zege tangu siku ya kwanza.

Kinachotakiwa ni kumwita tajiri aione nguzo kama ilivyo, kabla ya kuigusa. Kisha chukua nyundo ndogo, gonga kuanzia penye uzima kuelekea penye matundu. Zege zima linalia kavu na nyundo inaruka mkononi. Bovu linatoa sauti ya debe tupu. Pale sauti inapobadilika, chora kwa chaki. Aghlabu eneo lenye chaki huwa kubwa kuliko lililoonekana kwa macho, na ndiyo maana wengi hawapendi kugonga mbele ya mtu: kosa likishazungushiwa mstari limepata kimo chake.

Ikiwa matundu hayakuifikia nondo, chonga kwa tindo mpaka kwenye zege gumu. Kingo zikatwe wima, angalau sentimita moja kwenda ndani. Ukingo unaoishia mwembamba kama wembe ndio unaobambuka kwanza. Piga brashi ya waya, osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, funika kwa gunia lililorowa usiku kucha. Asubuhi futa maji yaliyotuama, zege la zamani liwe limeshiba lakini uso wake haung'ai. Changanya uji wa saruji na mchanga laini, kipimo sawa kwa sawa, usugue kwa brashi uingie. Papo hapo tia mota. Kiraka kingi huharibika hapa: uji unapakwa, fundi anakwenda kunywa chai, akirudi umekauka, na sasa kilichotakiwa kiwe gundi kimekuwa vumbi baina ya zege la zamani na jipya. Uji uliokauka ukwanguliwe, upakwe mwengine.

Mota iwe moja kwa mbili na nusu, ngumu kidogo. Ibane kiganjani: ifanye donge na isikuachie maji mkononi. Ishindilie kwa kipande cha mbao na nyundo, sentimita moja kila tabaka, na kila tabaka likwaruzwe kabla ya jengine. Ikiwa laini kama ya lipu itateremka kwa uzito wake na itanywea ikikauka, na ufa mwembamba utakizunguka kiraka chote. Gunia juu yake, maji asubuhi na jioni, siku saba. Siku ya nane gonga tena.

Nondo ikionekana, hilo si la fundi peke yake. Aitwe mhandisi. Kama juu kumeshawekwa mkanda au slebu ya zege, egemeza kwa mirunda kabla tindo haijagusa kitu. Zege litolewe mpaka nyuma ya nondo, sentimita mbili na nusu hivi, ili jipya liizunguke pande zote, kutu isuguliwe, boksi lirudishwe likiwa na mdomo uliotokeza ubavuni, na zege la kokoto ndogo za milimita 10 limiminwe hapo mpaka lipande juu kidogo ya usawa wa kiraka. Kidevu kitakachobaki kinakatwa kesho yake. Na matundu yakipenya kutoka upande mmoja wa nguzo hadi wa pili, hapo hakuna kiraka tena. Ivunjwe, imwagwe upya.

Watu huogopa hilo neno, kuvunja. Lakini piga hesabu. Nguzo ya inchi tisa kwa tisa, mita tatu, inakula zege la vipimo vile vile tulivyovitaja juu: mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto. Ongeza siku moja ya kuvunja na moja ya kufunga boksi. Basi kinachofichwa nyuma ya lipu, familia ikalala chini yake miaka thelathini, ni mfuko mmoja wa saruji na aibu ya asubuhi moja.

Bomba na umeme tutavipita haraka. Mabomba ya plastiki ya kuchomea, yale ya milimita 20, yanataka pasi ya digrii 260 kwa sekunde 5 tu, yaingie kiasi cha milimita 14, na yasizungushwe. Ukikawia kwenye pasi, plastiki inajikunja ndani na kubana njia. Tajiri atasema maji ya juu hayana nguvu, na fundi atalilaumu tangi. Anayejua kwamba amekawia akate kifundo hicho pale pale. Kabla ya lipu, jaza tangi, funga koki zote, tia alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, mlale. Usawa ukishuka asubuhi, pana mahali panavuja. Ama nyaya, muungano wowote ukae ndani ya boksi lenye mfuniko unaofunguka, kwa kiunganishi cha skrubu. Utepe ndani ya ukuta wenye unyevu huachia gundi, waya hulegea, na uliolegea hupata moto.

Mji Mkongwe mambo ni kinyume. Huko lipu yenyewe ndiyo kosa.

Mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na anayetaka kujenga au kutengeneza nyumba humo huanzia kwa kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Lakini kibali hakishiki mwiko. Kuta zake, nene nusu mita na zaidi, ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba, mita tatu hivi. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji kutoka ardhini na mvuani, kisha unayatoa kwa jua na upepo. Chokaa inayaachia njia. Saruji inayafungia.

Fundi anaitwa: lipu ya zamani imebambuka, tuseme mita moja kutoka chini. Anaikwangua, anapiga saruji ya moja kwa nne, inapendeza, analipwa. Unyevu uliokosa pa kutokea unapanda mpaka unapoishia saruji, na doa lililokuwa magotini sasa liko kifuani. Chumvi inayosafiri na maji inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Lipu inafura, inapiga tumbo. Siku ikianguka inaondoka na uso wa jiwe. Na isipoanguka ni mbaya zaidi, maana ukuta unakaa na maji yake, ncha za boriti zilizozama ndani zinaoza, mchwa wanafuata, na mwenye chumba haoni kitu mpaka sakafu ya juu inapoanza kunesa chini ya miguu. Ile methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Haikusema ufa uzibwe kwa kitu gani, na kwa nyumba ya chokaa hilo ndilo swali lenyewe.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883 la wakati wa Sayyid Barghash, iliporomoka lilipokuwa katika matengenezo, na watu wawili walifariki. Hatuitaji hapa ili kuihukumu kazi ile. Tunaitaja kwa sababu wako bado wanaodhani kazi ya chokaa ni ya kupamba tu, na kwamba jiwe la kale halina haraka ya kuanguka.

Basi fundi aliyepiga saruji mahala pa chokaa, akapita njia hiyo mwaka wa pili akaiona imepiga tumbo, afanye nini? Kwanza aingie ndani aseme: lipu niliyoipiga ndiyo inayoupandisha unyevu. Kisha atafute maji yanatoka wapi. Mlizamu uliopasuka unaomwaga ukutani. Njia ya nje iliyopigwa zege tena na tena mpaka ikapita usawa wa ndani. Bafu lililopandishwa ghorofani juu ya boriti. Bila ya kuyaondoa hayo hata chokaa nzuri itabambuka, na safari hii atalaumiwa kwa haki.

Saruji itolewe kwa kuanzia penye sauti ya debe. Tindo iwe pana, ilazwe, iinue lipu kama unavyoinua gamba la samaki. Usiipige kuelekea ndani. Penye saruji iliyoshikana na jiwe hata jiwe linataka kufuata, iache. Kipande kilichobaki ni afadhali kuliko shimo. Ukuta unaobeba boriti usivuliwe wote kwa mara moja, fanya mita moja, ruka, fanya nyengine.

Kisha uachwe upumue, wiki kadhaa, na kiangazi cha kaskazi ndio wakati wake. Utatoa chumvi nyeupe kama unga. Usiuoshe: maji yatairudisha chumvi ndani. Fagia kwa brashi kavu, zoa ule unga uutupe mbali na ukuta, ngoja siku chache, fagia tena, mpaka upungue. Hapa ndipo tajiri anapochoka, kwani anauona ukuta uchi mwezi mzima na fundi haonekani, naye anaanza kuuliza bei ya saruji. Aelezwe tangu mwanzo, kwa tarehe, na fundi awe anapita kufagia.

Chokaa ya kurudishia iwe imezimwa kwa maji mengi, ikachujwa kwenye wavu mwembamba, ikalala chini ya maji ndani ya pipa kwa wiki tatu kwa uchache. Miezi mitatu ni bora. Iliyoharakishwa ina punje mbichi ambazo huzimika zikiwa ukutani. Kila moja huvimba na kurusha kigae kidogo cha lipu, na ukuta ukabaki na vishimo vyenye kitone cheupe katikati. Fundi akiviona asisingizie rangi. Ni chokaa yake. Vikiwa vichache, atoboe kila kimoja punje itoke, azibe kwa niru, ile chokaa laini ya kumalizia. Vikiwa vimeenea ukuta mzima, angoje viishe kuruka kabla ya mkono wa mwisho wa lipu, hata kama ni miezi.

Kwanza tomea: jaza nafasi baina ya mawe kwa vijiwe vidogo na chokaa, mpaka ukuta ukae sawa, kwa sababu lipu nene ya kufidia mashimo ndiyo inayopasuka. Rowesha ukuta. Mkono wa kwanza ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga mkali uliooshwa kwa maji baridi, unene wa sentimita moja. Kesho yake utapasuka nyufa ndogondogo. Hiyo ni desturi ya chokaa, na dawa yake ni kuusugua tena kwa ubao wakati kidole gumba hakiachi shimo lakini ukucha bado unachora. Nyufa zitajifunga. Ukwaruze, uupe wiki moja au zaidi, utie wa pili, na mwisho niru ya milimita 3. Muda wote huo magunia yaliyorowa yaukinge ukuta na jua na upepo, kwa sababu chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole ikiwa na unyevu. Ikikaushwa haraka inakuwa vumbi, na kila atakayeuegemea ukuta ataondoka na alama mgongoni. Wako wanaotia saruji kidogo ndani ya chokaa "ikamate". Haipati nguvu ya saruji, na ile pumzi ya chokaa inazibwa. Bora kungoja.

Sasa, kwa nini fundi anaficha? Tuseme kweli: kwa kazi ya mkataba, kila siku ya kurekebisha inatoka mfukoni mwake, na wako matajiri ambao wakisikia neno "nimekosea" huona wamepata sababu ya kutolipa hata kilichofanywa vizuri. Kwa hiyo kumezuka lugha ya kupozea. "Lipu bado mbichi." "Rangi za siku hizi mbovu." "Nyumba inakaa." Na ule ufa wa nywele, ambao kila mwaka ni wa nywele. Ufa usibishaniwe kwa maneno. Chora kistari cha kalamu kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, rudi baada ya mwezi. Ukivuka kistari, nyumba inasema yenyewe.

Kugawana gharama kuna njia isiyo na kelele, ikikubaliwa kabla ya jiwe la kwanza. Kazi ya mikono ya kurekebisha ni ya fundi. Vifaa vilivyoharibiwa na mkono wake ni vyake. Lakini tajiri aliyeambiwa mifuko kumi na nne akaleta kumi, akasema "kadiria hivyo hivyo", huyo naye ni mwenye kosa na hiyo tofauti ni yake. Na fundi aliyekubali kukadiria hana ulimi wa kulalamika. Kilichokutwa ndani ya ukuta ambacho hakuna aliyekijua kipatanwe siku kilipoonekana, kazi ikiwa imesimama. Tunapendekeza pia sehemu ya kumi ya malipo ya ufundi ibaki kwa tajiri mpaka masika moja yapite, ilipwe kama hakuna palipofura wala palipovuja. Sharti ni kwamba ilipwe kweli. Wengi wetu tunaikataa desturi hii kwa kuwa sehemu ya kumi ikishabaki, imekwenda.

Na kibarua asisahauliwe. Yeye ndiye anayelala na boksi, yeye ndiye anayejua ndoo ngapi za maji ziliongezwa. Akisema "fundi, hapa pamevuja", akafokewa, mara ya pili hatasema.

Vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, vingeweza kutusaidia kwa jambo moja. Mwanafunzi wa uashi apewe nguzo fupi iliyomwagwa vibaya makusudi, nyundo, tindo, brashi na nusu mfuko wa saruji, airekebishe kwa wiki moja. Kabla hajashika tindo, mwalimu asimame mahala pa tajiri, na mwanafunzi amueleze kilichotokea, ukubwa wake na siku zinazotakiwa. Alama zianzie hapo.

Kwa walio kazini, karatasi ya daftari inatosha. Kwa mfano: "Nguzo ya pembe ya kusini mashariki, matundu upande wa ndani, urefu sm 35, kina sm 2, nondo haikuonekana. Sababu: boksi lilivuja pembeni. Imechongwa, imetiwa mota ya moja kwa mbili na nusu, imemwagiliwa siku 7. Imegongwa siku ya 8, nzima." Tarehe, saini ya fundi, saini ya mwenye nyumba. Isibaki kwa mmoja tu. Piga picha, kila mtu awe nayo kwenye simu. Na mabomba na nyaya zipigwe picha ukuta kwa ukuta kabla ya lipu, futi kamba ikiwa imewekwa kutoka kwenye pembe ya chumba na kutoka sakafuni. Picha isiyo na futi kamba haimfai mtu atakayekuja mwaka kesho kutoboa ukuta ule atundike kabati.

Sisi ni mafundi waashi,
Mjini, Unguja.